Rangi za Machimbo: Kupanga Hali za Kazi Katika Programu za Miradi, kwa Mfano wa Masisi na Walikale



Kabla ya kuipangia programu yoyote ya kusimamia miradi hali za kazi, tuutazame mfumo ambao wachimbaji wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo (DRC), wameuzoea. Nchi za Maziwa Makuu zilikubaliana huko Lusaka, Desemba 2010, kuthibitisha madini yao. Katika utaratibu uliotokana na makubaliano hayo kila chimbo lina rangi: kijani, ruhusa; njano, kuna kasoro za kurekebishwa; nyekundu, marufuku; buluu, halijakaguliwa.

Buluu ndiyo inayosahaulika tunapopanga programu. Tunaweka "haijaanza", "inaendelea" na "imekwisha", halafu kazi ambayo hakuna aliyeikagua inakaa kimya pamoja na zilizokwisha. Ipewe hali yake. Njano nayo ina muda: miezi sita, kisha nyekundu kama kasoro hazijaondolewa. Hali ya "inasubiri" isiyo na tarehe wala pa kuelekea isiruhusiwe kabisa.

Gunia la madini nalo lina njia yake. Chimboni, mtumishi wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, hupima koltani, huandika uzito daftarini na kufunga etiketi yenye namba. Kwa mfanyabiashara hufungwa etiketi ya pili. Mwishoni CEEC, wakala wa serikali wa kuthibitisha madini, hutoa cheti cha kusafirisha nje. Kila hatua ina mwenyewe na ina ushahidi; hivyo ndivyo programu inavyopaswa kuuliza: nani anaruhusiwa kuihamisha kazi, na ameambatanisha nini?

Hata hivyo, mwaka 2022 shirika la uchunguzi la Global Witness lilieleza kwamba madini ya machimbo yasiyothibitishwa yalikuwa yakipata etiketi. Namba zilifuatana vizuri, ila gunia lilitoka kwingine. Sharti la kujaza kila nafasi katika fomu haliuzuii udanganyifu huo. Linganisheni uzito ulioandikwa na kiasi ambacho wachimbaji wa pale wanaweza kweli kutoa, na anayelinganisha asiwe yule anayefunga etiketi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, mji wa machimbo ya koltani huko Masisi, na Februari 2025 Wizara ya Madini ya Kongo ikayatia machimbo ya Masisi rangi nyekundu. Ni sawa njia ya kuingia nyekundu iwe fupi, kutoka hali yoyote. Ninalolilia ni njia ya kutoka. Nyekundu hiyo imeletwa na waasi, hivyo mchimbaji asiyebeba silaha hana kasoro anayoweza kuirekebisha. Napendekeza chimbo likifunguliwa lirudi buluu, likaguliwe upya, lisirukie kijani; na gunia lililofungwa etiketi kabla ya marufuku libaki na historia yake yote.

Walikale inatuonyesha hali nyingine. Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha uchimbaji wa bati huko Bisie vita vilipokaribia, ikaanza tena Aprili. Kusimama kwa ajili ya usalama si kosa. Katika programu, "imesimamishwa" irudishe kazi pale ilipokuwa, bila ukaguzi wa makosa. "Imekataliwa" ianze ukaguzi upya. Mkizichanganya hizo mbili, aliyekimbia risasi ataadhibiwa sawa na aliyevunja sheria.