KWENDA KWA MSHAURI SI WAZIMU

Maneno aliyosema ndugu mmoja, dereva wa treni, katika mkutano wa tawi letu



Nimeombwa niseme habari za mshauri nasaha, yaani mtu ambaye kazi yake ni kumsikiliza mwenye taabu ya moyo na fikira, na kumsaidia apone. Mimi si daktari wala mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia reli. Nitasema yaliyonipata mimi tu.

Wengi wenu mwajua habari yangu. Asubuhi moja nilikuwa naendesha treni ya mizigo, nikaona mtu amesimama katikati ya njia. Nilipiga honi, nikafunga breki zote. Nanyi mwajua ya kwamba treni yenye mzigo kamili ikiwa mbioni yaweza kwenda kilometa nzima na zaidi kabla ya kusimama. Haikusimama.

Injini ilipelekwa karakana ikakaguliwa. Mimi niliandika ripoti, na baada ya siku chache nikarudi kazini. Hakuna aliyeniuliza kama nalala. Sikuwa nalala. Kila nilipokaribia mahali pale mikono ilitoka jasho. Nyumbani nikawa mkali kwa watoto. Miezi minne nilinyamaza, maana niliogopa kuondolewa kwenye injini, tena niliogopa kuitwa mwenda wazimu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwisho mke wangu akaniambia, "Baba watoto, uko hapa lakini hupo." Ndipo nikatafuta mshauri wa kulipa mwenyewe, asiyelipwa na wakubwa wa kazi.

Kwanza, ulizeni kabla ya kwenda. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na bodi yao ya kuwaandikisha. Basi yafaa kumwuliza mtu, "Je, umeandikishwa?" Mwenye haki hakasiriki. Uliza pia bei. Mimi niliambiwa shilingi 2,500 kwa kila kikao. Nikasema wazi kwamba mshahara wangu hautoshi. Tukapatana 1,500, mara moja kila majuma mawili. Si wote watakaopunguza, lakini kuuliza si aibu.

Siku ya kwanza nilidhani nitakuta kitanda na sindano. Nilikuta viti viwili, maji ya kunywa, na mama mmoja wa makamo. Alinipa karatasi ya kutia sahihi. Isome yote, ndugu yangu, kama unavyosoma mkataba wa kazi. Nikamwuliza lile lililonisumbua: "Mama, msimamizi wangu atapata habari hizi?" Akajibu kwamba hatapata, ila mimi mwenyewe nikitoa ruhusa. Lakini akanieleza pia mipaka ya siri: nikiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Ni vizuri kuyajua hayo mapema, kabla hujafungua kinywa.

Kisha akauliza mengi: usingizi, chakula, pombe, kazi, nyumba yangu, na wazazi walionilea. Akauliza pia kama nimewahi kufikiri kujiua. Nilishtuka. Baadaye nilifahamu kwamba ni swali la kawaida, na kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mjibu kweli. Tena mjue ya kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa hakipatani na Katiba.

Lile ambalo huwezi kusema siku ya kwanza, liache. Mimi ile ajali yenyewe niliisimulia siku ya tatu.

Hakunipa vidonge. Mshauri asiye daktari hatoi dawa. Ikihitajika, atakupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Wala hakuniamuru la kufanya. Baada ya muda wa saa moja hivi alisema wakati umekwisha. Nilitoka nimechoka, na usiku ule nililala vibaya kuliko jana yake. Nikafikiri nimetupa pesa. Lakini alikuwa amenionya kwamba kidonda kikioshwa huuma kwanza.

Alinifundisha kupumua polepole jasho linapoanza, na kuandika kila asubuhi saa nilizolala. Ilichukua vikao tisa. Yule mtu sijamsahau, wala sitaki kumsahau. Lakini sasa nalala, na watoto wangu hawanikimbii.

Ukiona mshauri hakufai baada ya siku mbili tatu, mwambie, ukatafute mwingine. Na akitoa siri zako ovyo, au akikutaka kimapenzi, ondoka, upeleke mashtaka kwa bodi yao.

Sasa nageukia chama. Naomba kamati ipeleke mambo matatu kwa waajiri. Dereva aliyepatwa na ajali ya kifo apewe siku za kupumzika bila kukatwa mshahara. Akiwa bado hajapata nafuu, apewe kazi nyingine kwa muda, wala asipoteze cheo. Tena gharama ya mshauri ilipwe, na yale anayosema huko yasiandikwe katika faili lake la kazi.

Nanyi madereva, msingoje hayo. Usiku usipolala, sema kabla ya kushika injini, maana nyuma yako kuna watu. Injini ikiwa na kasoro twaiandika kitabuni, na hakuna anayeicheka. Basi dereva naye aandikwe.

Umoja ni nguvu.