Ukifungua Saa, Ujue Utakavyoifunga

(Haya ni maneno ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyeombwa kuzungumza na vikundi vya kujisaidia juu ya kazi anayoipenda nyumbani. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)



Mimi si fundi saa. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayependa kufungua saa za zamani, zile za kutia ufunguo, zisizotumia betri. Mtaniuliza, "Mwalimu, saa ya nini siku hizi na kila mtu ana simu mfukoni?" Ni kweli. Lakini nisikilizeni kidogo, kwa maana nilijifunza kazi hii kwa kuharibu kitu ambacho hakikuwa changu.

Marehemu baba alikuwa na saa ya mkono aliyoitia ufunguo kila usiku kabla ya kulala. Alipofariki, mama aliiweka kabatini. Ikasimama. Mimi nikasema, "Mama, nipe nitaitengeneza." Nilichukua kisu cha jikoni na bisibisi ya redio, nikakaa nje mahali penye upepo. Kwa dakika chache tu skrubu moja iliruka kwenye majani, na gurudumu moja likavunjika ncha. Nilimrudishia mama saa ndani ya bahasha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi." Neno hilo lilinichoma kuliko matusi.

Baadaye nilimwendea fundi mmoja mjini. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ulifungua kabla ya kuelewa." Akanipa saa mbovu mbili za kujifunzia. Hili ndilo funzo la kwanza: usijifunze kwa mali ya mwenzako.

Sasa, saa hii hufanyaje kazi? Ndani mna springi ndefu iliyokunjwa ndani ya kikopo. Ukitia ufunguo unaikaza. Inapojaribu kukunjuka, inazungusha magurudumu yenye meno. Kama hakuna wa kuizuia, nguvu yote ingeisha kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mna kiuma kidogo kinacholiachia gurudumu la mwisho jino moja moja, na gurudumu la mizani linalokwenda huku na huku kwa springi nyembamba kama unywele. Ile ti-ti-ti mnayosikia ndiyo kazi ya hao wawili. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Kwa siku moja ni mara 432,000. Mashine gani hapa kijijini hufanya kazi hivyo bila kuguswa mafuta kwa miaka?

Ndiyo maana saa husimama. Mara nyingi haijafa. Mafuta yamekauka yakawa kama gundi, na vumbi limeingia.

Utaratibu wangu ni huu:

1. Kaa mahali pasipo upepo. Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia yenye kingo. Kitu kikianguka utakiona.

2. Tumia bisibisi inayoenea kwenye mfereji wa skrubu. Ikiwa nyembamba mno itateleza na kukwaruza.

3. Kabla ya kufungua chochote cha ndani, toa nguvu ya springi. Shika kile kichwa cha kutilia ufunguo, sukuma kidogo kwa kijiti kile kidole kinachozuia springi isirudi, kisha uache kichwa kirudi polepole kati ya vidole vyako. Usikiachilie ghafla.

4. Toa gurudumu la mizani kwanza, wala usiivute ile springi ya unywele. Halafu gusa kiuma kwa kijiti. Kikiruka, bado kuna nguvu. Rudia hatua ya 3. Kikitulia, unaweza kukitoa, na magurudumu yafuate.

5. Chora kila hatua kwenye daftari. Skrubu za kila sehemu ziweke pamoja. Tena kumbuka, skrubu ya lile gurudumu karibu na kichwa mara nyingi hufunguka kinyume. Ukiilazimisha itakatika.

6. Osha kwa petroli nyeupe ya viberiti, nje, mbali na jiko, koroboi na sigara. Kiuma usikiloweke kwenye spiriti, kwa sababu vijiwe vyake vimeshikwa kwa gundi inayoyeyuka humo.

7. Ukirudisha, usikaze skrubu mpaka uone kila ncha imeingia kwenye tundu lake na magurudumu yanazunguka yenyewe. Hapo ndipo mimi nilipovunja la baba.

8. Mafuta yawe ya saa, tone dogo kuliko kichwa cha pini. Ya kupikia yataganda. Ya cherehani yatasambaa. Meno ya magurudumu usiyapake kabisa.

Kuna hatari moja sitaki mwondoke bila kuijua. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilikuwa na namba zinazong'aa gizani kwa rangi ya rediamu. Huko Marekani, miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani walifundishwa kunyoosha brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na taya, na wengine wakafa. Rangi inaweza kuwa imeacha kung'aa, lakini sumu yake bado imo. Kwa hiyo uso wa saa ya namna hiyo usiukwaruze, usiupulize, wala usimpe mtoto auchezee. Mwachie fundi mwenye ujuzi.

Ndugu zangu, haya si ya saa peke yake. Kikundi chenu kina pampu, au cherehani, au mashine ya kusaga. Ni mara ngapi mmefungua kwa haraka, mkabaki na skrubu mbili mkononi bila kujua zilitoka wapi? Toa nguvu kwanza, chora, panga, ndipo ufungue.

Na ile saa ya baba? Fundi alinipatia gurudumu kutoka kwa saa nyingine ya aina ile ile. Nilikaa nayo jioni nyingi. Siku ilipoanza kupiga, nilimpelekea mama. Aliiweka sikioni, akanyamaza kwa muda. Huchelewa dakika mbili kwa siku. Mama hajali. Yeye huitia ufunguo kila usiku kabla ya kulala.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
- Ni chombo gani chetu kiliharibika kwa sababu ya kufunguliwa kwa haraka?
- Nani kati yetu ana daftari la matengenezo, na analiweka wapi?
- Kijana akitaka kujifunza ufundi, tumpe kitu gani kibovu cha kujifunzia?