Namna ya Kumsikiliza Mraibu

Ndugu zangu, mzazi amletapo kijana wake aliyezama katika heroini, ndimi zetu hukimbilia kukemea. Kijana hujitetea, kisha huondoka. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliandika kuhusu walevi wa pombe, akabainisha kuwa ukaidi huo aghalabu huzalishwa na mnasihi mwenyewe. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu njia yao.

Badala ya kuuliza, "Utaacha lini?", swali lizaalo uongo, uliza: "Unga umekupa nini, na umekunyang'anya nini?" Kisha nyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu kwetu tuliozoea mimbari.) Akisema, "Mama haniamini tena," mrudishie: "Unatamani akuamini." Mtu huyafuata zaidi aliyoyatamka mwenyewe kuliko aliyotamkiwa. Na kabla ya kumpa ushauri, omba idhini yake.

Lakini maneno hayatoshi pale mwili unapodai. Hali ambayo vijana huiita arosto huja na maumivu ya mifupa, kutapika na kuharisha. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Wako wasemao kuwa huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Siafikiani nao: kwa kipimo sahihi humtuliza pasina kumlevya, na humwepusha na sindano za kuchangia, zinazoeneza Ukimwi na homa ya ini.

Akirejea kijiweni, usimfukuze. Mwili uliokwisha kupumzika hupoteza ustahimilivu wake. Kipimo alichokizoea zamani chaweza kumuua. Mwambie hilo waziwazi, kabla hajatoka mlangoni.