Shingo na kiti cha gari

Kile kimto kilicho juu ya kiti cha gari, ambacho wengi hukitundikia koti, hakikuwekwa pale ili mtu asinzie. Kazi yake ni kuilinda shingo.

Gari lililosimama kwenye foleni likigongwa kwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele ghafla. Kichwa, kwa uzito wake, hubaki nyuma, na shingo ndiyo inayovutwa katikati. Hata mgongano mdogo, ambao bampa yake hunyooshwa kabla ya jioni, waweza kumwachia mtu maumivu ya miezi. Tena pengine huanza kesho yake, aliyemgonga akiwa amekwisha kwenda zake. Mkanda hapa hausaidii sana, maana kazi yake kubwa ni kumzuia mtu asirushwe mbele.

Waswidi walilishughulikia jambo hili kwa bidii. Mwaka 1997 Saab walitoa kiti ambacho mgongo ukikikandamiza, wenzo wa ndani hupandisha kiegemeo cha kichwa na kukisogeza mbele kikakutane na kisogo. Mwaka uliofuata Volvo wakatoa kiti kinachorudi nyuma pamoja na mwili, kikipunguza kishindo.

Gari lako si la Uswidi? Haidhuru. Pandisha kiegemeo hadi ncha yake ilingane na utosi, wala kisiwe mbali na kisogo. Mtu mrefu aliyekiacha chini, usawa wa shingo, amejiwekea kigingi cha kupindia shingo yake mwenyewe. Na wewe uliyeving'oa, vitafute. Pengine vimo butini, chini ya tairi la akiba.