Kikapu Chini ya Kiti

Masomo: Walawi 13:1-6, Yoshua 7:10-26

Twakusalimu kutoka Mashimoni, hapa Kibera, ambako treni hupita karibu na nyumba zetu hata vikombe vikalia kabatini. Twawasalimu na ndugu zetu wa Kawangware, hasa akina mama ambao saa hizi wanapanga ndizi na machungwa mezani kabla wateja hawajaamka. Maneno ya leo yanawahusu wao zaidi, kwa maana tunataka kusema habari za kikapu kimoja cha mapera.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, tulikuwa safarini kutoka Kongwa, Tanzania. Tulikwenda kumtembelea mwenzetu tuliyesoma naye chuo cha theolojia, ambaye sasa ni mchungaji upande ule. Tulikuwa watu sita ndani ya Landrova ya kuazima: sisi, wazee wawili wa kanisa, akina mama wawili, na kijana mmoja mwalimu wa shule ya Jumapili. Wakati wa kurudi tuliamua kupita njia ya porini, yaani Kibaya na Orkesumet mpaka Arusha. Ni njia ya vumbi, mawe na mchanga. Mara mbili tulishuka kusukuma gari, na usiku mmoja tulilala Kibaya.

Siku ya kuondoka Kongwa, mama mzee mmoja alituletea kikapu. Ndani yake mlikuwa na zabibu za Dodoma, mapera mengi yaliyoiva, na vijiti vitatu vya mzabibu vilivyofungwa kwa kitambaa chenye maji. Akasema, “Vijiti mkavipande kwenu. Mapera wapeni watoto wa Kibera, waambieni bibi yao amewasalimu.” Ni nani angekataa zawadi kama hiyo? Tukapokea kwa mikono miwili, tukaomba, tukaondoka.

Tulifika Namanga jioni ya siku ya pili, tumechoka, nguo zetu nyekundu kwa vumbi. Pasi zikapigwa mihuri. Kisha akaja dada mmoja mkaguzi wa mimea, akatusalimu kwa heshima, akauliza, “Mna matunda, miche au mbegu?”

Ndugu msikilizaji, kikapu kilikuwa chini ya kiti chetu. Harufu ya mapera ilikuwa imejaa gari zima. Tukajibu, “Hatuna.”

Tunasema “tukajibu”, lakini mdomo uliosema ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wetu sisi tuliovaa kola. Wale wengine walinyamaza. Yule dada akaitazama kola, akatabasamu, akasema, “Safari njema, Baba.” Hakufungua mlango wala hakuinama kutazama. Tukavuka.

Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Tulipokaribia Kajiado tulianza kujitetea mioyoni mwetu. Tulisema, ni matunda tu, si bangi. Tulisema, mama mzee angehuzunika kusikia yametupwa. Tulisema, serikali ina mambo makubwa ya kufanya kuliko kuhesabu mapera ya mchungaji. Yule kijana alikuwa akitazama nje dirishani, naye hakusema lolote.

Kesho yake, hapa Mashimoni, tulikipeleka kikapu kwa mama mmoja wa kanisa letu anayeuza matunda karibu na reli, awagawie watoto. Watoto wakazunguka. Mama akachukua pera moja zuri, la manjano, lisilo na doa, akalikata katikati. Ndani mlikuwa na funza weupe wakirukaruka. Akakata la pili, ni vile vile. La tatu, ni vile vile. Akaweka kisu chini, akatuuliza, “Baba, haya yalipitaje mpakani?”

Hatukuwa na jibu. Naye akaendelea kwa upole, “Hawa ndio waliommaliza baba yangu kule Makueni. Maembe yalikuwa yakiiva, wanunuzi wakija wanapasua moja, wanarudi na gari tupu.”

Mama huyu alijua asemalo. Mwaka 2003 wataalamu walimgundua hapa Kenya nzi mmoja wa matunda atokaye Asia, na katika miaka michache alikuwa ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Nzi jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani yake. Kwa nje huoni ila kitone kidogo, pengine hata hicho hukioni. Funza hula nyama ya tunda, kisha tunda huanguka, nao huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi. Kwa sababu ya nzi hawa, mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, na biashara hiyo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Miaka saba, ndugu zangu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa tayari anasoma shule.

Wazee wanaotusikiliza watamkumbuka na dumuzi wa mahindi, ambaye wengine walimwita Scania kwa jinsi alivyokuwa na nguvu ya kutoboa. Asili ya mdudu huyo ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ilipofika mwaka 1983 alikuwa ameonekana Taveta, upande wetu wa mpaka. Mdudu kama huyo hahitaji kutembea safari ndefu kwa miguu yake. Hubebwa na watu wema, ndani ya magunia, na kila mmoja wao husema mzigo wangu ni mdogo.

Labda msikilizaji mmoja atatuuliza, “Lakini nzi huyo si yuko Kenya tayari? Mapera yenu yaliongeza nini?” Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba siku ile pale Namanga sisi hatukujua kilichomo ndani ya mapera, wala hatukujua kilichomo ndani ya vile vijiti vya mzabibu. Labda ni mdudu aliyekwisha kuingia. Labda ni ugonjwa ambao haujafika bado. Ndiyo maana panatakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na ndiyo maana anawekwa mtu wa kukagua. Sisi tulijifanya wakaguzi wa mzigo wetu wenyewe, tukajipasisha bila kufungua kikapu.

Mambo haya hayako kwetu peke yake. Huko Australia, ambako barabara hupita jangwani siku nzima bila kuona mji, wasafiri wa magari husimamishwa mahali kama Ceduna, na matunda yao huchukuliwa kabla hawajaendelea. Watu wengi hukaa kando ya njia wakimaliza machungwa yao kabla ya kufika kizuizini. Sisi hapa Kenya tuna KEPHIS, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1996, na huko Muguga kuna kituo ambako mimea ya kutoka nje hutengwa na kuangaliwa kabla ya kuruhusiwa kwenda shambani. Haichukiwi mimea hiyo; inangojewa ijulikane ni mizima.

Na hapa ndipo Neno la Mungu lilipotushika. Fungua Walawi sura ya 13. Mtu akionekana na alama katika ngozi yake, aliletwa kwa kuhani. Kuhani alimtazama, na kama hakuwa na hakika alimtenga siku saba. Siku ya saba akamtazama tena, na pengine akamwongezea siku saba nyingine. Tulisoma sura hii chuoni, tukaiona ngumu na ya mbali. Hatukuona kwamba kazi ya ukaguzi ilikuwa kazi ya kuhani. Yeye ndiye aliyesimama kizuizini kwa ajili ya kambi nzima. Tena kuhani yule yule aliyemtenga mtu ndiye aliyekuwa na furaha ya kutangaza kwamba sasa ni safi, arudi nyumbani. Basi ni nini hali ya kambi, ikiwa kuhani mwenyewe ndiye aliyeficha kikapu?

Yoshua sura ya 7 yatuambia. Akani alichukua vazi, fedha na dhahabu, akavifukia ardhini katikati ya hema yake. Watu kama 36 walikufa huko Ai, watu ambao hawakuiona hata ile fedha. Kisha Bwana akaagiza wakaribie, kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Tazama jinsi Mungu alivyokwenda polepole! Akani alikuwa na usiku mzima. Lilipotwaliwa kabila lake angaliweza kusema. Ulipotwaliwa ukoo wake angaliweza kusema. Alingoja mpaka kidole kikafika kifuani pake. Sisi nasi tulikuwa na njia yote ya Namanga mpaka Nairobi, hatukugeuza gari.

Mtaa wetu unaitwa Mashimoni, maana yake mahali penye mashimo. Kila mmoja wetu ana shimo lake dogo ambamo amefukia kitu. Mweka hazina wa chama amechukua fedha za wenzake, asema atarudisha mwisho wa mwezi, na huu ni mwezi wa tano. Mume ana simu ya pili ambayo mkewe haijui. Mzee wa kanisa alikabidhiwa mifuko ya saruji, na miwili ikaishia kwake. Kila mmoja asema, ni kidogo, hakimdhuru mtu. Lakini kilichofichwa hakikai kama kilivyofichwa. Hutaga mayai.

Basi tulifanya nini? Yule mama alituambia matunda ya namna hii hayatupwi jalalani, maana funza wataingia udongoni. Yanapasa kufukiwa chini sana, na hapa Mashimoni hatuna uwanja wa kuchimba. Kwa hiyo tulikoleza jiko, tukayachemsha mapera na zabibu katika sufuria kubwa mpaka yakawa uji. Vile vijiti vya mzabibu tulivichoma moto. Majirani walicheka kuona mchungaji anapika mapera. Yule kijana mwalimu wa shule ya Jumapili akaja kukaa karibu na jiko. Baada ya muda akasema, “Mchungaji, yule dada alikuamini kwa sababu ya kola. Nami Jumapili ijayo nina somo la kuwafundisha watoto wasiseme uongo. Sikujua nitasimamaje.”

Ndugu msikilizaji, hilo lilituuma kuliko funza wote.

Jumatano ya Majivu tulisimama mbele ya kanisa, na kabla ya kumpaka mtu yeyote majivu tukaeleza habari ya kikapu, bila kupunguza. Haikuwa rahisi. Wengine walishangaa, mzee mmoja alikasirika, akasema mchungaji hapaswi kujivua nguo mbele ya watu. Lakini baada ya ibada yule kijana alikuja akatushika mkono, asiseme neno. Na wiki ile watu wawili walikuja nyumbani usiku, kila mmoja na kikapu chake. Hatutasema ni nini walichokuwa nacho.

Je, wajua kwamba karantini na Kwaresima ni maneno ya ukoo mmoja? Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wageni waliotoka penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye siku hizo zikawa 40, na kwa lugha ya Kiitalia hesabu hiyo ya arobaini ndiyo iliyozaa neno karantini. Nayo Kwaresima tuliipokea kwa Wareno, nayo pia yatoka katika arobaini. Siku arobaini za kukaa kizuizini, kikapu kiwe wazi, tujulikane tulivyo. Nia yake si kutufukuza, bali tuingie tukiwa wazima.

Tena tusisahau kwamba Kuhani wetu Mkuu hakusimama mbali na wagonjwa. Alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma. Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, watukumbusha kwamba aliteswa nje ya lango, mahali pa waliotengwa. Basi ukimwendea na kikapu chako, usidhani atashangaa. Alikijua tangu kilipokuwa chini ya kiti.

Mwezi wa nne tulisafiri tena kupitia Namanga. Yule dada hatukumkuta, nasi tulisikitika, maana tulitaka kumwomba radhi. Tulimweleza mwenzake habari yote. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na leo, Baba, mna nini?” Tukasema, “Ndizi mbili.” Akasema, “Zileni hapa hapa.” Tukazila tumesimama kando ya gari, maganda tukayatia katika pipa lake, tukaendelea na safari.

Tuombe. Ee Mungu Mwenyezi, uijuaye mioyo yote, tusamehe tuliyoyaficha na madhara tuliyowaletea wengine bila kuwaona. Uwabariki wale wasimamao mipakani kulinda mashamba ya maskini. Utupe kinywa cha kusema kweli tunapoulizwa, nasi wachungaji utuanzie kwanza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.