Mwanafunzi wa Chuo na Simu Isiyolala

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Tononoka. Leo tuwazungumzie vijana wetu walio vyuo vikuu na mitandao ya kijamii.

Mama mmoja alinijia akilia. Mwanawe yuko mwaka wa 2 chuoni, analala nyumbani. Adhana ya alfajiri humkuta macho, simu mkononi. Saa nne asubuhi ndiyo kwanza yuko usingizini, vipindi vimempita, chai na mahamri vimepoa. Matokeo yalipotoka, ameanguka masomo 3. Na karo ile mama ameilipa kwa kuuza bangili zake za dhahabu. "Sista," akaniuliza, "nimwite maalimu amsomee, au niivunje hiyo simu?"

Dua haina ubaya, mama. Lakini simu usiivunje. Mkopo wa HELB huombwa kwa intaneti, na masomo mengi hutumwa kwa WhatsApp. Ukiivunja umemkatia na masomo, na kesho ataazima ya mwenzake.

Tufahamu kwanza kinachomshika. Mnakumbuka saiba? Kijana alilipia dakika zake, zikiisha kompyuta inajifunga, anarudi nyumbani. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na leo intaneti iko mfukoni. TikTok, Facebook na Instagram hazijifungi. Video moja ikiisha, nyingine iko tayari. Ni kama mvuvi na mshipi: mara akose, mara akose, mara apate, na ile mara moja ndiyo humfanya asiondoke. Na sisi wenyewe tusijifiche, wangapi wali umetuungulia kwa video za harusi za watu?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutaja uraibu wa michezo ya kompyuta na simu. Mitandao ya kijamii haijawekwa humo kama ugonjwa. Kwa hivyo usimwite mwanao mgonjwa kwa kuhesabu saa tu. Tazama simu imekula nini: usingizi, chakula, darasa, marafiki wa ana kwa ana. Je, amejaribu kupunguza akashindwa? Anadanganya? Anafoka akiikosa?

Zungumza naye mchana, si saa nane za usiku ukiwa na hasira. Ni mtu mzima, mnapatana, humuamrishi. Simu zote za nyumba, na yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tano usiku. Atakwambia simu ndiyo humwamsha. Mnunulie saa ya kengele. Azime milio ya taarifa. Siku za mwanzo atanuna na usingizi utachelewa. Vumilia.

Mama yule alirudi na mwanawe. Nilipokaa na kijana peke yake, alisema tangu muhula wa kwanza hesabu zilimshinda, akaona haya kumwambia mama aliyeuza dhahabu. Usiku mawazo yakimjia, anafungua simu. Nilimwomba ruhusa, tukamwita mama, akamwambia mwenyewe. Kisha akaenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwake. Masomo yale anayarudia. Simu bado anaipenda, lakini usiku hulala.

Kwa hivyo ukiuliza, uliza pia kilichokuwepo kabla ya simu. Na kijana akijifungia chumbani siku nyingi, hali, hataki watu, au akisema afadhali asingekuwepo, usingoje. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote iliyo karibu nawe. Kwa mengine yote, tuko kituoni kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo naye, au njoo peke yako kwanza.