Keni, Kisima na Bomba la Kiwanda

Kipindupindu kikibisha hodi Dar es Salaam, haipiti wiki kabla hujasikia mtu akitaka kilimo cha mboga bonde la Msimbazi kipigwe marufuku. Hoja yenyewe inaingia akilini upesi: maji machafu, mboga chafu, watu wanaugua, basi ng'oa. Tatizo ni kwamba mbegu ya mchicha ikisiwa leo inavunwa baada ya wiki tatu au nne. Ukifyeka tuta mwanzoni mwa mwezi, mwisho wa mwezi mchuuzi anabeba tenga lake kutoka palepale, ila safari hii mkulima anamwagilia alfajiri, kabla bwana afya hajaamka.

Na kwa nini asimwagilie? Mboga za majani hazina subira. Mchicha uliovunwa mbali ukafungwa kwenye gunia juu ya lori, ukifika sokoni saa sita mchana umeshalegea na hakuna anayeutaka. Ndiyo maana jiji hula mboga za karibu. Makadirio ya miaka ya 1990 yalisema kama asilimia 90 ya mboga za majani katika masoko ya Dar zilitoka ndani ya jiji na pembezoni mwake. Anayetaka kufunga bonde atuambie kwanza jioni tutakula ugali na nini.

Hata hivyo sitetei maji yale. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu ukiwa mto wa heshima, na unapofika Daraja la Salenda umeshapokea kila kitu: maji ya viwandani, taka za mitaa, na masika yakipamba moto, wako wanaotapisha vyoo vyao usiku wakijua mvua itaficha siri. Ninachokataa ni kuuita uchafu huo wote kwa jina moja. Kuna uchafu ulio hai, yaani vijidudu na mayai ya minyoo, na kuna uchafu usio na uhai, yaani madini mazito kama risasi na kadimiamu. Dawa zake ni mbili tofauti, na mwenye kupaswa kuzitoa si mtu mmoja.

Tuanze na ule ulio hai. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika kila mililita 100. Kwa mto unaokatiza katikati ya jiji maskini, kipimo hicho kilikuwa ndoto. Mwaka 2006 shirika hilo likabadili mwelekeo: maji ya namna hiyo yasipopatikana, hatari ipunguzwe hatua kwa hatua, shambani, sokoni na jikoni, kila hatua ikiondoa sehemu yake.

Ukimtazama mkulima wa bondeni akifanya kazi utaona hatua hizo zinaanzia wapi. Ana keni mbili. Anashuka mpaka kwenye kisima kifupi alichochimba pembeni ya mto, anaingia maji ya magotini, anazizamisha mpaka chini ili zijae haraka, kisha anapanda na kumwaga juu ya majani, mkono ukiwa usawa wa kiuno. Sasa, mayai ya minyoo ni mazito kuliko maji. Maji yakitulia siku mbili tatu, mayai mengi hutuama kwenye tope la chini. Mkulima yule, kwa miguu yake na kwa keni yake, ameyakoroga yote na kuyapandisha tena. Wataalamu waliofanya kazi na wakulima wa Kumasi, Ghana, waliliona hilo na wakashauri mambo ambayo fundi wa mtaani anaweza kuyafanya: chimba visima viwili au vitatu, kimoja kitulie wakati kingine kinatumika, weka ubao wa kusimamia ili mtu asiingie majini, chota juujuu, keni iwe na kichwa chenye matundu, na ishushwe karibu na ardhi ili udongo usirukie majani.

Hatua kubwa zaidi ni ya kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Jua la Dar, ambalo sisi wengine tunalilaani kituoni tukisubiri daladala, huua vijidudu juu ya jani siku hadi siku. Lakini hapa lazima tuseme kweli: mboga isiyonyweshwa hupungua uzito na mng'ao, na kule Kumasi wakulima walilipia hasara hiyo kwa mavuno yao. Hapa kwetu mchuuzi hununua kwa tuta, kwa jicho. Tuta lililonyauka kidogo anaomba apunguziwe. Usimwambie mkulima aache maji siku mbili au tatu bila kumwambia nani atafidia ile bei.

Halafu kuna kituko kimoja. Mchicha ukishang'olewa na mizizi yake, mafungu husuuzwa kwenye maji yaleyale machafu ili udongo utoke na mboga ing'ae. Kazi yote ya jua inafutwa kwa dakika moja. Sokoni nako mchuuzi ananyunyizia maji ya ndoo ambayo hayajabadilishwa tangu asubuhi. Bomba moja la maji safi mahali wanapokusanyika wachuuzi lingesaidia kuliko matamko kumi.

Jikoni, mchicha wenyewe hautishi sana. Ukichemka sawasawa, vijidudu na mayai ya minyoo vimekwisha. Wasiwasi wangu uko kwenye saladi, giligilani na kachumbari, vitu visivyoonja moto, na kwenye kile kisu na kibao vilivyokatia mchicha mbichi kisha vikakatia nyanya. Majani ya kuliwa mabichi yaloweke dakika tano au zaidi kwenye maji yenye klorini kidogo, uyasuuze kwa maji safi. Na anayeumia mapema kuliko mlaji yeyote ni mkulima mwenyewe aliye pekupeku majini: jozi ya gambuti ni kinga yake dhidi ya safura.

Uchafu wa pili hausikii lolote kati ya hayo. Risasi haifi kwa jua, haichemki ikaisha, haioshwi na klorini; imo ndani ya jani. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na kadimiamu na risasi zilikuwamo. Hapo mkulima hana keni wala kisima cha kumwokoa. Anayeweza ni yule anayesimama kwenye bomba la kiwanda, na tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004, na chombo cha serikali cha kuisimamia. Udongo wa bonde upimwe kipande kwa kipande. Panapokutwa sumu pasilimwe mboga za majani, mkulima apewe mahali pengine. Panapokutwa salama aachwe alime bila kukimbizwa. Na majibu ya vipimo, pamoja na majina ya viwanda vilivyopimwa maji yake, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, mahali ambapo mchuuzi akipita na tenga lake kichwani anaweza kuyasoma.